Posta ya tamthilia: taa moja gizani, au vichwa vinane?

Mchora_Mitumbwi:

Wakuu, nawasalimu kutoka Mwanza. Wale wa grafiki na wale wa Bongo Movie naomba mnisaidie, maana nimebanwa katikati ya kazi na hela.

Kazi yangu ya siku zote ni herufi. Nilianza kwa brashi na rangi ya mafuta, naandika majina ubavuni mwa mitumbwi pale Mwaloni Kirumba na kwenye milango ya maduka Igogo. Siku hizi nina kompyuta, natengeneza fleksi (mabango ya plastiki), kadi za harusi, kava za kwaya, chochote kinacholipa. Sasa kuna vijana wa hapa mjini wamerekodi tamthilia ya kurusha YouTube. Ni familia ya wavuvi wa dagaa. Baba anaingia ziwani usiku, asubuhi mtumbwi unarudi bila yeye, na wenzake kila mmoja ana maelezo yake. Mengine nisiyamwage. Wamerekodi vizuri, sauti inasikika, jambo ambalo kwa bajeti yao si dogo. Wakaniita niwatengenezee posta.

Nikaomba muswada, nikausoma wote (nadhani nimeusoma kuliko baadhi ya waigizaji). Nikatengeneza hivi: karatasi nzima giza, bluu iliyokolea hadi inakaribia nyeusi. Chini kulia, taa moja. Karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, ndogo, mwanga wake umekatikakatika juu ya maji. Jina la tamthilia ni neno moja, nimeliandika kwa mkono kwa zile herufi ninazoandika kwenye mitumbwi, kisha nikalipiga picha na kuliingiza kwenye kompyuta. Chini kabisa tarehe. Basi. Hakuna mtu.

Mtayarishaji akaitazama kwenye simu, akaniuliza, "Fundi, hii umemaliza au bado?"

Anataka vichwa vya waigizaji wote wanane, wakubwa juu, wadogo chini, vyote vinaelea juu ya ziwa. Steringi, yaani mwigizaji mkuu, katikati anatazama mbali. Kijana mmoja ameshika kisu, na kwenye muswada hakuna kisu popote. Nyuma yao moto. Moto wa nini sijui. Na kama taa lazima ibaki, niongeze mwezi ili pasiwe patupu. Au taa niitoe kabisa, niweke mtumbwi uliopinduka.

Hoja yake siidharau. Mmoja wa waigizaji ni mchekeshaji anayejulikana hapa mjini, ana wafuasi wake. Wengine hawakulipwa cha maana. Waliahidiwa kwamba sura zao zitaonekana, na kwao hiyo ndiyo sehemu kubwa ya malipo. Ukiwatoa kwenye posta umewadhulumu.

Ila mimi hizi posta za kitu kimoja na nafasi tupu nazipenda sana. Mtandaoni zimejaa: filamu nzima imebebwa na kofia, au ngazi, au doa jekundu, na moyo unakubali. Kwa mtu wa herufi kama mimi, kuona jina limepewa nafasi ya kupumua ni raha ambayo siwezi kuieleza.

Swali langu ni hili. Posta ya namna hiyo inaweza kuuza kitu ambacho bado hakuna anayekijua? Na kama inaweza, nimwambieje mtu anayelipa?

Nawasilisha.

———

Stendi_ya_Nyegezi:

Mpe vichwa vyake, chukua hela yako, ile ya taa bandika chumbani kwako.

———

Mchora_Mitumbwi:

Mkuu hiyo nishaifikiria, usinisukume.

———

KibandaUmiza:

Fundi, mimi niliwahi kuonyesha video Mabatini, enzi za deki na mabenchi. Tangazo letu lilikuwa ubao na chaki: jina la picha, muda, na jina la steringi. Mteja alikuwa na maswali mawili tu, nani kacheza na je wanapigana. Hakuna aliyeuliza picha inahusu nini.

Baadaye zikaja kava za filamu zetu wenyewe, CD na DVD, zimepangwa kwenye meza za wauzaji. Pale sura ilikuwa na kazi yake. Mtu anapita haraka, jicho linatafuta uso linaoujua, likiupata mkono unaenda mfukoni. Kwa hiyo usiwacheke waliokuwa wanajaza vichwa. Walijua wanachokifanya, na kwa meza ile walikuwa sahihi.

Lakini angalia, ujanja ule ulifanya kazi kwa sababu sura ilikuwa inajulikana tayari. Kwenye vichwa vyako vinane kinachojulikana ni kimoja, na yeye ni mchekeshaji kwenye hadithi ya msiba. Vile saba vingine vitageuza posta kuwa kama picha ya pamoja ya kipaimara: kila mzazi anamtafuta wa kwake, wengine wanapita.

Na huyo mchekeshaji mkimweka mbele, watu watakuja wakitegemea kucheka. Dakika ya tatu baba hajarudi. Watakutukana kwenye maoni.

———

Rangi_Mbili:

Nimesoma hapa nimetabasamu, mimi pia ni mtu wa dizaini na nipo hapa hapa Mwanza. Kaka, nianze na lile swali lako la kwanza kwa sababu ndilo lenye uzito.

Zile posta za kofia na doa jekundu ulizoziona mtandaoni, nyingi hazikutengenezwa kuuza filamu. Zimechorwa na mashabiki. Wimbi lake lilivuma mwanzoni mwa miaka ya 2010, na filamu zenyewe ni zile ambazo nusu ya dunia imeshaziona. Anayetazama anafurahi kwa sababu anaitambua ile kofia. Jibu la fumbo tayari analo. Mwonyeshe posta hiyo hiyo mtu ambaye hajawahi kuiona filamu, ataona kofia. Wewe watu wako wote ni hao wa pili. Ndiyo maana mtayarishaji alikuuliza kama umemaliza. Aliona taa.

Kwa hiyo usipime kazi yako kwa zile. Ipime kwa posta za filamu ambazo siku zinabandikwa ukutani hakuna aliyekuwa anajua chochote. Chukua Alien, 1979. Weusi mtupu, yai moja linapasuka upande wa chini, mwanga wa kijani unavuja, na maneno machache kwamba huko angani ukipiga kelele hakuna wa kukusikia. Mayai ya ndani ya filamu hata hayafanani na lile la kwenye posta. Haikuwa na haja, kwa sababu kila mtu duniani anajua yai likipasuka kuna kitu kinatoka. Kinatoka nini? Hapo mtu anatafuta tiketi. Au Jaws, 1975: mwogeleaji juu ya maji, papa chini yake anapanda, hakuna sura ya nyota hata mmoja. Hapo si lazima umjue mwigizaji. Unataka tu kujua kama yule mtu atapona.

Taa yako inauliza nini? Mimi nimesoma maelezo yako nikajua ni taa ya mtu ambaye hakurudi. Lakini nimejua kwa sababu umenisimulia kwanza. Hapo ndipo pa kufanyia kazi kabla hujamgombeza mtayarishaji.

Kuhusu yeye sasa. Wanaopenda staili hii wote wanamtaja mchora posta Saul Bass wa Marekani, na wana haki. The Man with the Golden Arm, 1955, ule mkono uliopindapinda unaoonekana umekatwa kwa karatasi nyeusi. Watu wanaukumbuka mkono. Lakini itafute posta yenyewe ya mwaka ule uitazame vizuri: kuzunguka mkono kuna picha za Frank Sinatra, Kim Novak na Eleanor Parker. Zipo! Amezifungia kwenye vipande vya rangi zisiguse mkono, ila zipo, maana waliotoa hela walizitaka. Miaka minne baadaye, kwenye Anatomy of a Murder, ndipo unakuta mwili uliokatwa vipande na majina, basi. Na watu wa Poland, ambao posta zao za baada ya vita ndizo nazipenda kuliko zote, akina Henryk Tomaszewski, walichora walivyotaka kwa sababu usambazaji wa filamu ulikuwa wa serikali. Hakukuwa na mtu wa kuwauliza sura ya steringi iko wapi. Ukitaka kuwaiga, kumbuka hawakuwa na bosi kama wa kwako.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Posta kuu ibaki bila watu, majina ya waigizaji wote yaandikwe, tena si kwa herufi za kujificha. Halafu tengeneza posta nane ndogo za wahusika, moja kwa kila mwigizaji: bluu ile ile, uso mmoja, mwanga wa njano unatoka chini upande mmoja kana kwamba taa iko miguuni pake. Kila mtu aweke yake kwenye stetasi yake. Ahadi imetimia, na tamthilia imepata watangazaji wanane wa bure.

———

Mchora_Mitumbwi:

Dada, hiyo ya posta nane imenipunguzia usingizi, kwa maana nzuri. Mtayarishaji anaelewa neno "bure" haraka sana.

Hapo kwenye "taa yako inauliza nini" umenigusa. Nimeitazama tena. Mimi nimekulia ziwani, naona msiba mle ndani. Sijui mtu wa Dodoma ataona nini.

———

Binti_Ukerewe:

Kaka mimi si mtu wa kompyuta, nauza dagaa. Nimesoma kwa sababu ya karabai.

Kwanza, huo mwezi usiuweke. Nakuomba. Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanakaa nchi kavu wanatengeneza nyavu na kudaiwa madeni. Ukichora mwezi mkubwa na taa imewashwa majini, mwalo mzima utacheka kabla hata ya kuuliza tamthilia ni ya nani. Mwambie mtayarishaji anunue dagaa wiki ya mbalamwezi aone bei.

Pili, hadithi yenu ni ya mwaka gani? Siku hizi taa nyingi ni za sola na betri, mwanga wake mweupe. Karabai ni njano na inavuma. Kama ni hadithi ya zamani, karabai ni sawa. Kama ni ya juzi juzi, watu watajiuliza huyo baba mafuta ya taa alikuwa anayanunua kwa hela gani.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mtumbwi wa dagaa hautegi taa moja. Zinategwa kadhaa, kila moja kwenye boya lake. Ukisimama ufukweni usiku wa giza unaziona zimejipanga mpaka mbali, mgeni anaweza kudhani kuna mji upande wa pili. Mimi nikiona taa moja peke yake, mbali na nyingine, siioni kama pambo. Nauliza ya nani ile na kwa nini imebaki.

Na ule mtumbwi uliopinduka, hapana. Sisi wa huku tulikiona kivuko cha MV Nyerere kimelala tumbo juu pale karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 hawakurudi. Kuna nyumba ambazo ukiweka hiyo picha kwenye simu yao hawataangalia tarehe wala jina. Watazima. Na Mwanza mjini kuna waliompoteza mtu kwenye meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996. Mwambie hivyo hivyo bila kuzunguka.

———

Rangi_Mbili:

Binti, umefanya kazi niliyoshindwa.

Fundi, jibu la mtu wa Dodoma ndilo hilo. Weka taa nyingi ndogo sana, mstari mmoja, juu kabisa ya karatasi, karibu na mahali ambapo maji yanakutana na anga. Vitone tu. Halafu ile moja peke yake, chini, imetengwa na zote. Mtu ambaye hajawahi kuona ziwa maishani ataelewa kuna wengi kule na mmoja huku, na ataanza kujiuliza mwenyewe. Utakuwa umeongeza vitu kwenye picha na bado itakuwa tupu.

———

Stendi_ya_Nyegezi:

Naondoa ushauri wangu wa mwanzo. Hiyo ya vitone ningebofya.

———

Mzee_wa_Wino:

Vijana mnaongea sanaa, mimi naongea mashine.

Fundi amesema taa iko chini kulia. YouTube inabandika muda wa video kwenye kona hiyo hiyo ya kijipicha, ile picha ndogo mtu anayobofya. Taa yako itafunikwa na "24:10". Ihamishe kushoto. Na usidhani posta ya kusimama ukiikata juu na chini inageuka kijipicha. Kile ni cha kulala, pikseli 1280 kwa 720, ukikata hivyo mstari wa vitone unapotea wote. Kipange upya: vitone kulia juu, taa kushoto chini, jina katikati na kubwa kuliko unavyoona vizuri. Kisha kiangalie kikiwa na upana wa kidole gumba, nje, kwenye jua la saa saba, simu ikiwa na mwanga mdogo. Giza kwenye simu juani ni kioo, mtu anajiona mwenyewe.

Kwenye stetasi ya WhatsApp kumbuka juu kuna jina la mtu na chini kuna sehemu ya kujibu. Maneno ya muhimu yasogee katikati.

Sasa uchapaji. Hiyo bluu inayong'aa kwenye skrini haitatoka hivyo kwenye fleksi, wino hauna uwezo huo, hivyo usije ukalia dukani kwa mtu. Weusi nao: ukitumia wino mweusi peke yake kwenye eneo kubwa, unatoka umefifia, unaelekea kijivu. Unauongezea samawati (cyan) na kidogo ya nyingine chini yake, giza linakolea, na kwa kazi yako samawati itakupa ule usiku unaoutaka. Usimwage wino zote kwa asilimia mia, fleksi itachelewa kukauka na ikikunjwa itanatana.

La mwisho ambalo wachora taa moja huwa hawalijui. Posta ya vichwa vinane na moto inaficha makosa ya mashine. Tundu moja la wino likiziba, mstari unapita kwenye shati la mtu, hakuna anayeuona. Kwenye posta tupu mstari ule unapita katikati ya ziwa lako na kila mtu anauona. Omba kipande cha sampuli kwanza, chenye giza na taa, ukiangalie kikiwa kimekauka. Fundi atakayekataa kukupa sampuli, ondoka na faili lako.

———

Mchora_Mitumbwi:

Wakuu, mrejesho.

Nimempelekea mtayarishaji mpya. Hadithi ni ya miaka ya tisini, kwa hiyo karabai imebaki, Binti shukrani. Vitone vimekaa juu, taa kushoto chini. Sikumweleza chochote. Akaitazama akauliza, "Huyu wa huku chini ni nani?" Nikanyamaza. Akajijibu mwenyewe: "Ni baba." Mwezi haukutajwa tena.

Kuhusu mtumbwi uliopinduka nilimsomea maneno ya Binti kama yalivyo. Alikaa kimya, akasema hakulifikiria hilo, akaniomba nimshukuru.

Lakini hajakubali yote. Mchekeshaji anataka sura yake iwe kwenye posta kuu, na kwa kweli ndiye aliyechangia mafuta ya jenereta. Nimewaza ule mkono wa 1955 na vile vipande vya picha pembeni. Nimejaribu kumweka kwenye ukanda mwembamba kando, nikaona unakata ziwa, nikautoa. Tumefikia hivi: posta kuu majina tu, yote kwa ukubwa mmoja, kwa alfabeti, na posta yake ya mhusika ndiyo itatoka ya kwanza, siku mbili kabla ya wenzake. Akakubali alipogundua jina lake linaanzia na A.

Zile za wahusika nimemaliza tano. Huu mwanga wa kutoka chini mkali hivi unamtisha kila mtu, hata mtoto wa darasa la nne anaonekana anaficha jambo. Kwa tamthilia hii inafaa, ila kwa mtoto nimeushusha.

Mzee wa Wino, nimechanganya weusi ulivyosema: mweusi mia, samawati sitini, magenta thelathini, njano sifuri. Fleksi ni mita tatu kwa mbili, itatundikwa nje ya ukumbi siku ya uzinduzi. Naweza kukuletea kesho?

———

Mzee_wa_Wino:

Mchanganyiko ni mzuri. Acha nafasi ya sentimita tano kila upande isiyo na herufi wala taa, kwa ajili ya kukunja na kutoboa matundu ya kamba. Jina ulilolipiga picha lisiwe dogo halafu ukalivuta, litatoka na ukungu. Lichore upya kwa mistari au lipige picha tena kwa kamera nzuri. Njoo kabla ya saa nne, baada ya hapo mashine ina mabango ya mkutano wa injili mpaka jioni.